Kibali Kisichopatikana: Kisa cha Moto wa Shamba Uliopanda Mlima

Kisa kwa ufupi

Mwezi wa Oktoba, katika kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mama mmoja alichoma nyasi za shamba lake bila kibali. Moto ukamponyoka, ukapanda mlima, ukateketeza zaidi ya ekari 40 za miti ya watu pamoja na mizinga ya nyuki ya kikundi kimoja. Kijiji kilikuwa na sheria ndogo ya moto. Mama huyo aliijua, tena alikuwa amejaribu kuifuata.

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wenyeviti, watendaji, kamati za mazingira na wakulima wa miti. Kinahusu jinsi sheria iliyotungwa kuzuia moto ilivyomsukuma mtu kuuwasha saa mbaya kuliko zote, akiwa peke yake. Majina yameondolewa, na mambo kadhaa yanayoweza kumtambulisha mhusika yamebadilishwa.

Kijiji chenyewe

Ni kijiji cha vilima na mabonde. Mabondeni watu wana vinyungu, bustani za kiangazi za maharage, mahindi na mboga zinazotegemea unyevu wa ardhi. Kwenye miteremko wanalima mahindi na viazi mvua zinapoanza, Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Juu zaidi ni miti: misindano na mikaratusi, na kipande cha msitu wa asili ambacho kijiji kimekihifadhi kwa sababu ya chanzo cha maji.

Miti hiyo ya kupandwa imebadilisha kijiji kuliko kitu kingine chochote. Zamani moto ukipita mlimani uliunguza nyasi, na baada ya mvua nyasi zikarudi. Leo mlima uleule umebeba akiba za watu. Baadhi ni wenyeji wenye ekari moja au mbili walizotenga kwa ajili ya ada za watoto. Wengine wako mjini, walinunua ardhi, wakapanda, na tangu hapo wanakuja mara moja kwa mwaka, au hawaji kabisa. Mashamba yao unayajua ukiyaona: nyasi zimefika kifuani, matawi ya chini hayajapogolewa, na mpaka haujafyekwa tangu mche wa kwanza uingie ardhini.

Msindano mchanga una gamba jembamba. Moto wa nyasi ambao mti mkubwa wa miombo ungeuvumilia unatosha kuua shamba zima la misindano ya miaka mitatu. Tena majani yake makavu yanayoanguka hujilundika chini na kushika moto upesi. Baridi ya Juni na Julai hukausha nyasi, Septemba na Oktoba upepo unaongezeka, na kipindi hichohicho ndicho mkulima wa mahindi anataka shamba lake liwe tayari. Akichoma mapema sana, magugu yanarudi kabla ya mvua. Akichelewa, mvua inamkuta hajalima. Kwa hiyo wakulima wote wanawasha moto wao ndani ya majuma yaleyale machache, na ndiyo majuma ya hatari kuliko yote.

Sheria ndogo ilivyokuwa

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 ina sehemu yake inayohusu moto na inadhibiti uchomaji wa uoto, lakini kijijini watu hawaishi na sheria ya taifa. Wanaishi na sheria ndogo. Ya kijiji hiki ilipitishwa na mkutano mkuu miaka miwili kabla ya tukio, baada ya moto mwingine uliotoka kusikojulikana. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Ilisema hivi: kuanzia Julai mosi hadi mwisho wa Novemba, hakuna kuchoma shamba bila kibali cha maandishi cha mtendaji wa kijiji. Mwombaji aombe siku saba kabla, alipe shilingi 5,000, na afyeke kinga ya moto ya mita tatu kuzunguka shamba. Atakayekiuka atatozwa faini ya shilingi 50,000.

Ukiisoma kijuujuu huoni ubaya. Ubaya uko katika namna ilivyotekelezwa. Mtendaji alikuwa mmoja, na kama watendaji wengi, siku nyingi aliitwa kwenye vikao vya kata na wilaya. Ada ya kibali ni mapato ya serikali, na mapato lazima yatolewe risiti kwa mashine. Mashine ilikuwa moja, ikizunguka kati ya vijiji vya kata. Siku mtendaji yupo mashine haipo. Siku mashine ipo mtendaji yuko wilayani. Kibali kilikuwepo kwenye karatasi ya mlangoni. Kukishika mkononi lilikuwa jambo jingine.

Mama wa kisa hiki, ambaye tutamwita Mama Tumaini, ni mjane wa makamo. Analima kwa jembe la mkono, na watoto wake wakubwa wako mbali. Mwishoni mwa Septemba alienda ofisini, akakuta kufuli. Alirudi wiki iliyofuata, akakuta kufuli tena. Mara ya tatu alimkuta mtendaji, kijana mwenye adabu, akaambiwa: "Mama, mashine iko kijiji cha jirani. Njoo Jumatatu." Jumatatu mtendaji akaitwa wilayani.

Baadaye, kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, Mama Tumaini alisema jambo ambalo hakuna aliyeweza kulijibu: "Mwanangu, mimi mlango wenu nimeugonga hadi vidole vikauma. Mvua haisubiri mashine."

Siku ya moto

Siku aliyochagua kuchoma ilikuwa siku ya mazishi katika kitongoji kingine, upande wa pili wa bonde. Hili ni la kutazamwa kwa makini, kwa sababu hakuna aliyelifikiria wakati sheria inatungwa. Mwenye kibali huchoma jioni, upepo umetulia, majirani wakiwa na matawi mkononi, kwa kuwa hana cha kuficha. Asiye na kibali hawezi kuchoma jioni. Moto wa jioni unaonekana kijiji kizima. Basi alichoma wakati watu wote wako msibani, saa 7 mchana: jua kali, hewa kavu, upepo wa mchana umeshaamka. Na watu ambao wangemsaidia walikuwa wamevaa nguo za msiba, mwendo wa nusu saa kutoka hapo.

Hakuwa mzembe kwa kila jambo. Alikuwa amefyeka kinga upande wa chini na pembeni mwa shamba, akaiparua hadi udongo ukaonekana. Upande wa juu hakufyeka. Huko shamba lake linapakana na shamba la miti la mtu wa mjini, na ukanda wa nyasi ulioko kati yao ulikuwa na mzozo wa mpaka. Aliogopa kwamba akifyeka ataambiwa anaiba ardhi. Mwenye miti naye hakuwahi kuufyeka.

Kisha aliwasha moto kutoka chini. Wengi hufanya hivyo, kwa sababu moto unaopanda unaunguza vizuri na kuacha shamba safi. Lakini kwenye mteremko ndimi za moto hulalia upande wa juu na kuzikausha nyasi zilizo mbele kabla hazijafikiwa. Kadiri mlima unavyosimama, ndivyo moto unavyoongeza mbio. Watu wa zimamoto wana kanuni kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko zinaweza kuuongezea moto kasi mara mbili. Mama Tumaini alikuwa amewahi kuchoma shamba hilohilo kwa njia hiyohiyo miaka ya nyuma, wakati juu yake palikuwa malisho tu.

Moto ulimaliza shamba lake upesi, ukaruka ule ukanda wa mzozo, ukaingia kwenye misindano ya miaka mitatu. Alijaribu kuupiga kwa tawi. Alipoona hauwezekani, alifanya jambo la busara kuliko yote ya siku hiyo: alikimbilia shuleni kuomba msaada, ingawa alijua kwamba kwa kufanya hivyo anajikamatisha mwenyewe.

Mwalimu aligonga rimu ya gari inayotumika kama kengele. Rimu hiyo hugongwa kila kipindi kinapobadilika, kwa hiyo waliokuwa karibu hawakuinua hata kichwa. Habari zilifika msibani kwa simu ya mtoto wa darasa la saba kwa mama yake. Kati ya moto kuvuka na watu wa kwanza kufika ilipita karibu saa nzima.

Maamuzi ya mlimani

Vijana walifika wakiwa mikono mitupu, wengine na ndala miguuni. Walivunja matawi mabichi wakaanza kuupiga moto usoni, pale unapokwenda kwa kasi. Ndimi zilikuwa ndefu kuliko mtu, moshi unawaingia machoni, na kijana mmoja aliungua miguu. Katika moto wa namna hiyo hapo si mahali pa kusimama mtu.

Aliyewaondoa ni mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kibarua kwa miaka mingi kwenye shamba la miti la serikali, katika kikosi cha kuzima moto. Hakuwa na cheo chochote kijijini. Aliwaambia waache uso wa moto, wapande hadi barabara ya magari iliyoko mgongoni mwa mlima, wafyeke nyasi za ukingo wa chini, kisha wawashe moto wao wenyewe kutoka barabarani ushuke polepole kuupokea ule unaopanda. Moto mkubwa ukifika pale ungekuta majivu.

Hapo ndipo ulipotokea uamuzi mgumu wa siku hiyo. Kati ya barabara na moto palikuwa na shamba la miti la mwenyeji mmoja. Kuwasha moto barabarani maana yake ni kuliunguza kwa makusudi. Mwenyekiti wa kijiji alisita. Alitaka kwanza mwenye shamba akubali, akampigia simu, haikupatikana. Akapiga tena. Mzee akamwambia kwamba shamba lile limeshakufa hata wasipoligusa, kilichobaki ni kuchagua litakufa likiokoa nini. Mwenyekiti akaruhusu.

Kwa upande mmoja wa barabara mpango ulifanikiwa kabisa. Kwa upande wa pili, dakika zilizopotea kwenye simu zilikuwa nyingi mno: cheche zilivuka kabla nyasi za ukingo hazijaungua, moto ukaingia sehemu ya msitu wa kijiji na kuifikia mizinga ya kikundi cha kinamama wafuga nyuki. Huko ulipungua wenyewe ulipofika kwenye miti ya asili yenye kivuli na unyevu wa chanzo cha maji. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, ilipigwa. Lakini gari liko makao makuu ya wilaya, na hata lingefika kijijini, lisingepanda kule.

Kufikia saa 2 usiku ndimi zilikuwa zimelala. Watu walikuwa wamechoka, wengi hawajala tangu asubuhi, na msiba ulikuwa unawasubiri. Wote wakashuka. Hakuna aliyeachwa kulinda.

Kesho yake, saa 5 asubuhi, kisiki kilichokuwa kikifuka usiku kucha kilipigwa na upepo, moto ukaamka na kuteketeza kipande kingine cha mikaratusi. Watoto wachungaji waliuona mapema. Kama si wao, tungekuwa tunahesabu ekari nyingine nyingi.

Baada ya moto: nani alipe?

Wenye miti walitaka Mama Tumaini apelekwe polisi. Halmashauri ya kijiji ilikaa, ikaanza na lililoonekana jepesi, yaani faini ya shilingi 50,000. Ndipo afisa wa wilaya aliyealikwa akauliza swali lililonyamazisha kikao: sheria hii ndogo ilithibitishwa lini?

Haikuthibitishwa. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo na kuipeleka mkutano mkuu wa kijiji, lakini haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Nakala ya kijiji hiki ilitoka mkutano mkuu ikaishia kwenye faili. Kwa miaka miwili kijiji kilikuwa kikitoza ada na faini kwa karatasi ambayo isingesimama mbele ya Mahakama ya Mwanzo. Nimeona jambo hili katika vijiji zaidi ya kimoja, na mara nyingi halitokani na hila. Watu hudhani muhuri wa kijiji unatosha.

Zilibaki njia tatu. Ya kwanza, kulipeleka jambo polisi chini ya sheria za nchi. Ya pili, kila aliyeunguliwa afungue madai ya fidia. Ya tatu, suluhu. Wenye miti wenyeji walichagua suluhu, na sababu zao hazikuwa huruma tupu. Walijua Mama Tumaini hana cha kulipa. Hukumu ya mamilioni dhidi ya mjane mwenye jembe ni karatasi nyingine ya kubandika mlangoni. Tena kila mmoja wao alikuwa amewahi kuchoma bila kibali, na aliyekuwa akimnyooshea kidole alijua kidole kinachofuata kinaweza kumgeukia. Walikubaliana kwamba yeye na ndugu zake watatoa nguvukazi wakati wa kupanda upya, wenye mashamba watatoa miche.

Mmiliki wa mjini alikataa, akafungua jalada polisi. Mama Tumaini aliandika maelezo, akadhaminiwa na shemeji yake. Jambo hilo lilikwenda miezi kadhaa, hadi afisa misitu alipoandika taarifa yake ya ukaguzi iliyoonyesha, pamoja na mengine, kwamba shamba la mlalamikaji halikuwa na kinga hata upande mmoja na kwamba nyasi zake ndizo zilizoubeba moto hadi juu. Baada ya hapo alikubali suluhu naye.

Mwenye shamba lililochomwa kwa makusudi alipata tabu zaidi. Aliuliza: mimi nilichomewa na kijiji, kijiji kinilipe nini? Hakuna aliyekuwa na jibu lililoandikwa popote. Mwishowe alipewa kipaumbele cha miche na siku za msaragambo, lakini alilipokea kwa shingo upande, na mimi simlaumu.

Sheria ilivyoandikwa upya

Kazi ya kuandika upya ilichukua kiangazi chote kilichofuata, na haikuwa na amani. Afisa mmoja alitaka kijiji kipige marufuku uchomaji wote kuanzia Agosti hadi mvua zinyeshe. Hoja yake ilikuwa na mantiki ya mtaalamu: moto ambao haujawashwa hauponyoki. Pia alifundisha kulaza majani shambani yaoze yakawa mbolea, badala ya kuyachoma.

Wakulima walimsikiliza kwa heshima, kisha bibi mmoja akamuuliza atawalimia yeye? Nyasi zilizolala mwaka mzima, zenye mizizi iliyosukana, si mabua ya mahindi. Mwenye ng'ombe na plau ataweza kuzigeuza. Mwenye jembe na mgongo wa miaka sitini atazichoma, sheria ipende isipende. Marufuku kamili ingewarudisha wote kwenye saa 7 mchana ya siku ya msiba.

Kilichopitishwa mwishowe, na safari hii kikapelekwa wilayani mpaka kikaidhinishwa, kilibadilisha mambo machache tu. Ada iliondolewa kabisa. Kibali kinatolewa na mwenyekiti wa kitongoji, anayelala palepale mtaani na hahitaji mashine ya risiti, siku moja kabla, baada ya kwenda kuitazama kinga kwa macho yake. Majirani wawili wanaopakana na mwombaji wanatia saini kwenye kibali hichohicho, na kwa saini hiyo wanaahidi kuwepo. Kuchoma ni kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Kwenye mteremko moto unawashwa kutoka juu, ushuke dhidi ya mwinuko. Siku ya msiba, ya mnada au ya upepo hakuna kuchoma, hata kama kibali kipo. Aliyechoma anarudi kukagua visiki kesho yake asubuhi.

Wenye miti nao waliwekewa wajibu, na hilo ndilo lililozua makelele kuliko mengine. Kila mwenye shamba la miti awe amefyeka kinga kufikia mwisho wa Juni. Asipofanya, kijiji kinafyeka na kumpelekea hesabu. Kwenye mpaka wenye mzozo, kufyeka hakuhesabiki kuwa ushahidi wa umiliki kwa upande wowote. Sentensi hii fupi ilipendekezwa na Mama Tumaini mwenyewe.

Vilevile waliandika nani mwenye mamlaka ya kuamuru moto wa kupokea moto: mwenyekiti wa kijiji au, asipokuwepo, kiongozi wa kikosi cha moto, bila kusubiri simu ya mtu. Shamba litakalotolewa mhanga linafidiwa miche na nguvukazi na wote waliookolewa. Yule mzee wa kibarua ndiye aliyechaguliwa kuwa kiongozi wa kikosi. Rimu ya shule ilibaki kuwa ya shule. Kwa moto zikanunuliwa filimbi, moja kwa kila balozi.

Msimu uliofuata

Vibali vilitolewa vingi kuliko miaka yote miwili ya nyuma ikijumlishwa. Mtu wa takwimu angeweza kusema uchomaji umeongezeka. Haukuongezeka, umetoka mafichoni. Mioto miwili iliponyoka. Yote miwili ilizimwa na waliokuwa wamesimama palepale kabla haijavuka shamba la pili.

Mambo mengine hayakwenda. Mwenyekiti wa kitongoji kimoja alikuwa anawasainia ndugu zake vibali akiwa kilabuni, hajakanyaga shambani. Hilo liligundulika tu kwa sababu moto mmoja kati ya ile miwili ulitoka kwenye kibali chake. Kijiji kilifyeka kinga za wamiliki watatu wa mjini na kuwapelekea hesabu. Mmoja alilipa.

Uchambuzi

Ukimuuliza mtu wa kawaida kijijini chanzo cha moto ule, atakujibu ni Mama Tumaini. Kwa maana ya kiberiti, ni kweli. Lakini zitazame sababu zilizoufanya moto wa robo ekari kuwa moto wa ekari 40: saa iliyochaguliwa, kukosekana kwa watu, upande wa juu usiofyekwa, nyasi za jirani, mlio usiojulikana, simu isiyopatikana, na visiki visivyolindwa. Mbili za kwanza zilitokana moja kwa moja na utaratibu wa kibali. Ya tatu ilitokana na sheria kudai kinga kutoka kwa mchomaji peke yake, huku ikifumbia macho mzozo wa mpaka. Uzembe wa mtu unaingia kwenye uwashaji kutoka chini, na hata huo ni uzembe wa mazoea ambao hakuna aliyewahi kukaa naye kumweleza.

Hapo ndipo funzo la kisa hiki lilipo kwa maoni yangu. Kazi ya kibali cha kuchoma ni kuhakikisha kwamba moto unapowashwa kuna macho na mikono ya watu wengine. Kila sharti linaloongezwa, liwe ada, muhuri au siku za kusubiri, lipimwe kwa kipimo hicho: je, linamleta jirani shambani au linamfukuza? Ada ya shilingi 5,000 haikumleta jirani hata mmoja. Saini za majirani wawili zimewaleta kila mara.

Upande wa uzimaji, kilichookoa mgongo wa mlima ni ujuzi uliokuwa umekaa bure kijijini kwa miaka. Nyanda za Juu Kusini zina watu wengi waliopita kwenye mashamba makubwa ya miti kama vibarua, wakajifunza moto kwa kuupiga. Kamati za mazingira mara nyingi huundwa kwa kuangalia nani anajua kusoma na nani ni wa chama gani. Ni vyema kuanza kwa kuuliza nani amewahi kusimama mbele ya moto akautoka.

Kusita kwa mwenyekiti kusitafsiriwe kuwa udhaifu. Mtu anayeambiwa achome mali ya mwenzake bila andiko lolote la kumlinda ana haki ya kuogopa, na dakika alizopoteza zilikuwa gharama ya pengo katika sheria. Kosa la wazi zaidi, na la bei rahisi kuzuia, ni lile la kuondoka wote saa 2 usiku. Watu wanne, ndoo chache za maji na majembe ya kufukia visiki kwa udongo yangetosha.

Kuhusu suluhu, nina mashaka kidogo na jinsi inavyosifiwa kijijini. Ilifaa hapa kwa sababu hakuna aliyekufa na kwa sababu mkosaji alikuwa mtu anayependwa. Angekuwa mchungaji mgeni aliyechoma ili ng'ombe wapate nyasi changa, sidhani kama wangekaa naye chini kuzungumza. Sheria iliyoandikwa vizuri inamlinda hata asiyependwa, na hilo bado halijajaribiwa.

Lililobaki wazi ni mpaka. Mwishoni mwa Oktoba ya msimu uliofuata, moto ulitokea kijiji cha jirani, ambacho hakina sheria ndogo ya moto, ukaunguza sehemu ya msitu uleule wa chanzo cha maji. Kikosi cha filimbi kiliuzuia usishuke kwenye miti. Sheria ya kijiji haivuki mto, na aliyeuwasha hakuwahi kujulikana. Diwani ameombwa kuitisha kikao cha vijiji vyote viwili ili waandike utaratibu mmoja wa vibali na kukubaliana nani afyeke kinga ya mpakani kabla ya Juni. Hadi kisa hiki kinaandikwa, kijiji cha jirani kilikuwa kimekubali kukutana, lakini kilikuwa bado kinauliza mafuta ya fyekeo la mashine yatanunuliwa na nani.